Sikugeuza Kichwa

Ndugu zangu, jina la Bwana lisifiwe katika nyumba hii, lisifiwe na waliofurahi na walionuna!

Naanza hivyo kwa sababu nimeombwa ninyamaze. Juzi mzee mmoja wa ushirika wetu, mtu ninayemheshimu sana, alinivuta kando baada ya maombi akaniambia, "Ndugu Mwakio, ushuhuda wako ni mzuri, ila toa hizo habari za mpira. Sema tu kwamba ulikuwa katika mambo ya dunia, na Bwana akakuokoa kutoka katika mpira."

Ndugu zangu, siwezi. Nimejaribu kuuandika bila mpira, na karatasi ikabaki nyeupe. Bwana hakuniokoa kutoka katika mpira. Aliniokoa kutoka katika sauti ya nyayo, na mpira ulikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho. Atakayechoka kunisikiliza, mlango uko nyuma, na nje kunanyesha.

Asubuhi ninayotaka kuwaeleza niliamkia Liverpool, katika bweni la mabaharia karibu na bandari. Nilikuwa na kazi, tena kazi nzuri, ya kupakua mbao melini. Nilikuwa na kitanda karibu na dirisha. Saa kumi na mbili hivi, mtu mmoja alipita nje ya mlango wangu na viatu vizito vya kazi. Pa, pa, pa, pa. Alikuwa anakwenda kunawa uso. Lakini alipofika kwenye maji, mimi nilikuwa tayari niko barabarani, koti begani, mfuko mkononi. Sikujua nakwenda wapi. Sikuwa na barua ya kumpelekea mtu yeyote, wala jina la mtaa, wala nia. Miguu ilikuwa imeondoka, na mimi niliifuata kama mtu anayemfuata mbuzi wake.

Kwenye kona nilimkuta dereva wa lori anafunga turubai. Alikuwa anafunga fundo ambalo sikuwahi kuliona, na mimi, ndugu zangu, hata nikiwa nakimbia siwezi kupita kitu nisichokijua. Nikasimama, nikamwuliza kwa nini kamba inazunguka mara mbili. Akanionyesha. Nikalifunga la upande wa pili mwenyewe. Akalivuta, likashika.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Unakokwenda wewe."

"Mimi nakwenda nyumbani, Birmingham."

"Basi na mimi nakwenda Birmingham."

Alicheka. "Hata hujui iko upande gani, wewe!"

Alisema kweli. Nikapanda.

Sasa wengine mnajiuliza, mtu mzima anawezaje kufukuzwa kitandani na viatu vya mtu anayekwenda kunawa? Hapo ndipo penye mpira, na ndipo mzee wangu ataniwia radhi.

Mimi ni mtoto wa Voi. Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa, niliondoka. Reli ilipita nyuma ya darasa letu, na treni ilikuwa inakwenda mahali, lakini darasa halikuwa linakwenda popote. Nikazunguka Mombasa, Nairobi, Kampala, nikiuliza kila fundi anafanya nini na kwa nini. Mwisho nikawa mkata nyasi katika misheni moja Ukambani. Pale palikuwa na mmishonari Mmarekani aliyekuwa na mpira wa ajabu. Haukuwa wa mviringo. Ulikuwa na umbo la papai, una ncha mbili na mishono ya kamba juu yake. Jioni alikuwa akiurusha juu peke yake na kuudaka, kama mtu anayekumbuka nyumbani kwao. Siku moja ulinijia mimi. Nikaudaka kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika fyekeo. Nikamwuliza, "Kwa nini unazunguka ukiwa hewani?" Yeye akasema, "Rudi nyuma kidogo." Nikarudi, akarusha. "Rudi tena." Akarusha tena. Mpaka giza lilipoingia nilikuwa nimefika kwenye ua, na hakuna hata mmoja ulioanguka.

Akaandika barua chuoni kwake, chuo kidogo cha kanisa katika jimbo la Iowa, katikati ya mahindi. Barua ikajibiwa. Hivyo ndivyo mtu ambaye hakumaliza darasa la saba alivyopanda ndege kwenda Amerika. Waliniweka katika darasa la maandalizi, nikajifunza hesabu na Kiingereza asubuhi, na mchana nikajifunza kudaka.

Kilikuwa chuo kidogo kweli. Kocha wetu ndiye aliyefundisha biolojia, ndiye aliyeendesha basi, na Ijumaa jioni ndiye aliyechora mistari ya chokaa uwanjani huku sisi tukimshikia kamba. Wakulima walikuja Jumamosi, wakaegesha magari yao kuzunguka uwanja, na tukifunga walipiga honi badala ya makofi. Ndugu ambao hamuujui mchezo ule, nawaeleza kwa ufupi. Kuna mtu mmoja anayerusha. Kwetu alikuwa Dale, mtoto wa mfuga nguruwe, mwenye mkono mzuri kuliko wote niliowahi kuona. Na kuna mtu anayekimbia mbele ili arushiwe. Huyo nilikuwa mimi. Watu wa upande wa pili kazi yao ni kukupiga ukidaka. Si kukusukuma tu. Kukupiga, kwa bega, wakiwa katika mbio, ili mpira ukutoke na siku nyingine usitamani kuja.

Kocha alikuwa na amri moja, na aliirudia mpaka tukaiota. "Tazama mpira mpaka uingie mikononi. Uone mishono. Ukigeuza kichwa kabla haujaingia, umeupoteza." Basi. Injili nzima ya mdakaji ni hiyo.

Miaka miwili nilidaka. Nasema bila haya, ndugu zangu, nilikuwa hodari! Vidole hivi vilivyopinda mnavyoviona, kila kimoja kina Jumamosi yake. Watu walinijua hata kwenye duka la mbegu. Wengine mnataka niseme kwamba wakati ule nilikuwa mtu wa dhambi, mlevi na mhuni. Sikuwa. Nilikuwa na furaha, nikiimba katika kwaya ya chuo, sauti ya pili. Sitajitukana ili ushuhuda unoge.

Mwaka wa tatu nilitumwa katikati. Mdakaji akikimbia pembeni anaona wanaokuja. Akikatiza katikati ya uwanja, mpira unatoka upande mmoja na mpigaji anatoka upande wa pili, na lazima uchague unatazama nini. Nilitazama mpira, kama nilivyofundishwa. Niliudaka. Kisha nikaona mbingu, na mtu akaniuliza jina langu, na mimi nikamwuliza kama mahindi yameshavunwa. Mbavu mbili zilivunjika. Nililala hospitali, nikapona, nikarudi.

Nilidhani nimerudi.

Mchezo wa mwisho wa mwaka, dakika za mwisho, Dale alinirushia mpira uliokuja taratibu kama kikombe cha chai kwenye sinia. Nikanyoosha mikono. Na hapo nikasikia nyayo nyuma yangu. Pa, pa, pa. Nikageuza kichwa. Mpira ukanigonga vidole, ukaanguka. Tukashindwa.

Jumatatu ilikuwa siku ya filamu. Desturi ilikuwa hivi: michezo yote ilipigwa picha, na Jumatatu mchana mapazia yalifungwa, tukakaa kwenye viti, kocha akatuonyesha makosa yetu ukutani. Alikuwa na mashine inayoweza kurudisha picha nyuma. Akafika kwenye kosa langu. Akasimamisha.

"Tazameni," akasema. "Mpira uko hapa. Mwakio yuko hapa. Mtu wa karibu yuko kule."

Ndugu zangu, yule mtu wa karibu alikuwa mbali kiasi cha kanisa hili na kituo cha basi! Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Palikuwa na nyasi tu.

"Sasa huyu bwana anageuka kutazama nini?"

Sauti gizani ikajibu, "Kasikia nyayo, kocha!"

Wakacheka. Kocha akarudisha. Mpira ukapanda kutoka chini ukarudi kwenye vidole vyangu, kichwa changu kikageuka kinyumenyume, kikatulia. Akaachia tena. Kikageuka tena. Mtu mmoja akaanza kukanyaga sakafu kwa viatu, polepole, kwa mpango. Pa, pa, pa. Wa pili akafuata. Halafu chumba kizima. Nilimtazama Dale, maana Dale alikuwa ndugu yangu, nimekula Krismasi mbili mezani kwa mama yake. Dale alikuwa anatazama chini. Na kiatu chake kilikuwa kinapanda na kushuka.

Tangu siku ile sikudaka tena. Mpira ukiwa hewani, nasikia nyayo. Nikiwa kwenye chakula, nasikia nyayo. Kabla ya mwaka kwisha niliondoka asubuhi moja bila kuaga, na sikuacha kuondoka. Nilifanya kazi machinjioni, nikachuma matofaa, nikasukuma makaa katika meli za maziwa makuu ya Amerika, nikavuka bahari nikiwa msaidizi wa jikoni. Kila mahali nilijifunza kitu, maana macho yangu hayakufungwa hata nilipokuwa mtumwa. Lakini kila mahali siku ilifika viatu vikapita nyuma yangu, na miguu ikaondoka kabla ya akili. Watu waliniita msafiri. Hapana! Nilikuwa mkimbizi, namkimbia mtu asiyekuwepo.

Sasa nirudi kwenye lori. Tulifika Birmingham saa nne hivi, tukasimama mtaa wa Kingstanding, kwenye nyumba zile za halmashauri ya mji zinazofanana kama meno. Kwake pazia likasogea kidogo. Dereva aliona haya.

"Ningekukaribisha chai," akasema, "lakini huyo mwanamke wangu, unajua..."

"Najua."

"Shuka na barabara hii mpaka Perry Barr, kisha Handsworth. Kule kuna watu wenu."

"Watu wetu wa wapi?"

Akafikiri. "Wa kila mahali," akasema, akaingia ndani.

Nikashuka. Kwenye kioo cha duka la magazeti palikuwa na kadi za vyumba vya kupanga. Nikazisoma zote, nikagonga milango. Nyumba ya kwanza walinitazama kupitia tundu la barua. Ya pili hawakufungua. Ya tatu, mwanamume mwenye kikombe mkononi aliniambia chumba kimechukuliwa.

"Na ile kadi dukani?" nikamwuliza.

"Kadi inapenda kukaa pale," akasema, akanywa chai yake.

Ya nne mama alisema kwa upole sana kwamba yeye hana neno, ila majirani. Ya tano ilikuwa majirani.

Nikakaa kwenye benchi la kituo cha basi. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoomba, na sitawadanganya kwamba yalikuwa maombi mazuri. Nilikuwa nimekasirika. Nilisema kwa Kitaita, kwa sauti, mpaka bibi mmoja akasogea. Nilisema, "Mungu, mimi nimechoka kukimbia. Leo sikimbii. Atakayekuja nyuma yangu na aje. Kama upo, kaa hapa na mimi, na kama haupo nitakaa peke yangu, lakini sikimbii!" Sikulia. Sikuona nuru. Basi lilikuja, likaondoka. Nikanyanyuka nikaendelea kutembea, na nikatembea, sikukimbia.

Handsworth niliingia mtaa wa nyumba zilizobanana, mlango kwa mlango, kila mlango na chupa za maziwa kizingitini, zilizoachwa na muuza maziwa. Kwenye ukuta mfupi walikuwa wamekaa vijana watatu, vichwa vimenyolewa, buti nzito zimefungwa mpaka juu. Wakati ule zilikuwa siku mbaya katika mji huu, wa zamani mnazikumbuka. Wahindi wa Kenya walikuwa wanaingia kwa wingi na maneno yalikuwa makali magazetini na mitaani. Nikawapita. Wakanyanyuka.

"Wewe! Unatafuta basi la kurudi kwenu?"

Nikaendelea kutembea.

"Hasikii huyu. Kimbia basi, tuone! Si nyinyi mnajua kukimbia?"

Wakaanza kukanyaga lami, polepole, kwa mpango. Pa. Pa. Pa.

Ndugu zangu! Ni sauti ileile! Ya chumba kile cha mapazia! Magoti yalikuwa yanataka kwenda, nayajua magoti yangu. Nikayaambia, "Leo hapana." Nikasimama mbele ya nyumba moja, nikawageukia, mfuko nikauweka chini.

Hilo hawakulitegemea. Wawili walisita. Wa tatu, mrefu, akavuka barabara, akachukua chupa ya maziwa kizingitini kwa mtu. Nilidhani ananilenga mimi, lakini macho yake yalikuwa juu ya kichwa changu, kwenye dirisha la nyumba iliyokuwa nyuma yangu. Nikatazama mara moja. Nyuma ya kioo, karibu kabisa na kioo, alikuwa amekaa mama mzee wa Kihindi mwenye nywele nyeupe, anashona, uso wake umeinama kwenye sindano. Hakuwa ameona kitu.

Chupa ikatoka mkononi mwa yule kijana.

Na wakati uleule wale wawili wakaanza kunijia kwa mbio. Niliwasikia. Safari hii hazikuwa nyayo za uongo. Walikuwepo kweli, ndugu zangu, na walikuwa karibu. Chupa ilikuwa inatoka mbele, buti zilikuwa zinatoka ubavuni, na mimi nilikuwa nimesimama katikati. Lazima uchague unatazama nini.

Nikatazama chupa.

Niliona kifuniko chake cha fedha. Niliona krimu ya manjano juu ya maziwa. Ilikuwa inabiringika, si kama mpira, na nakumbuka nilishangaa hata hapo kwamba maziwa ndani hayaendi pamoja na chupa. Nikaruka, mikono juu, mbavu wazi. Ikaingia vidoleni, baridi, na umande wake. Nikaivuta kifuani, nikaifunika kwa mkono wa pili. Hapo ndipo waliponipiga. Bega likaingia mbavuni, palepale pa zamani, na nikaanguka chini kwenye mawe kwa mgongo.

Nilianguka. Lakini chupa haikuanguka!

Haleluya! Semeni nami, haleluya! Mimi niliyekaa miaka mitatu naogopa kupigwa, nilipigwa, na nilikuwa mzima! Nililala pale nikaona mbingu tena, mbingu hii ya Birmingham ya rangi ya bati, na sikumwuliza mtu habari za mahindi. Nilijua jina langu. Kitu kilichokuwa kimenikalia mgongoni tangu Iowa kilikuwa kimetoka. Nilikitafuta, sikukiona.

Buti moja ilikuwa imenyanyuka juu yangu mlango wa nyumba ulipofunguka. Mama mzee alitoka kama nyuki, mkononi ana mti wa kusukumia chapati, anapiga kelele kwa Kipunjabi. Alimpiga wa kwanza mkononi, wa pili mgongoni, na madirisha ya jirani yakaanza kufunguka. Wakaondoka. Walicheka wakiondoka, lakini waliondoka, na mmoja anashika kiwiko.

Ndipo mama akanigeukia mimi. Akaniona nimelala mbele ya mlango wake, nimekumbatia chupa ya maziwa. Nadhani ulimi wake ulipoona mtu mweusi ulirudi wenyewe Kenya.

"Na wewe!" akasema kwa Kiswahili. "Mwizi! Iko lala hapa na maziwa ya watu!"

Ndugu zangu, miaka mingi sikuwa nimesikia Kiswahili. Nikacheka na mbavu zikaniuma, nikacheka tena.

"Mama, mimi si mwizi," nikamwambia. "Hii ilikuwa inakuja dirishani kwako. Shika. Ni ya jirani yule wa ng'ambo."

Akasimama. Akatazama dirisha. Akatazama ng'ambo ya barabara, akatazama chupa. Mti wa chapati ukashuka.

"Wewe iko toka wapi?"

"Voi."

"Voi!" akasema. "Voi jua kali sana. Mimi Makindu miaka kumi na moja. Mzee yangu alikuwa fundi ya injini, reli." Akanitazama tena, toka viatuni hadi kichwani. "Sasa wewe taka lala hapo mpaka kesho? Amka. Ingia."

Maziwa aliyarudisha kwa mwenyewe kwanza, nikimwona dirishani anavuka barabara na chupa mkono mmoja na mti wa chapati mkono wa pili. Kisha akanipikia chai kwa maziwa yake, ya tangawizi, imechemka mpaka imekuwa nyekundu, nami nilikuwa sijaonja chai ya namna ile tangu nyumbani. Akanipa chapati, akanifunga mbavu kwa kitambaa cha kilemba cha mwanawe. Akaviona vidole.

"Hii vidole imefanya nini?"

"Mpira, mama."

"Kazi yako nini, wewe?"

"Kudaka."

"Daka nini?"

"Kitu kinachorushwa."

"Hiyo iko kazi?"

"Leo ilikuwa kazi."

Akacheka mpaka akajifunika mdomo kwa ushungi. Halafu akatazama dirisha lake. Akasema, "Juu iko kitanda. Ya mtoto yangu mdogo. Yeye bado Nairobi, ngoja karatasi ya serikali. Wewe lala mpaka yeye fika. Lakini hapana vuta sigara ndani, na viatu toa hapa chini."

Nikavua viatu.

Najua mzee wangu ana swali. Ataniuliza, "Huyo mama ameokoka?" Mzee wangu, huyo mama ana hekalu lake, anakwenda kila Jumapili kukanda unga wa chapati za watu wote, na hajawahi kuingia humu. Nilimwomba Mungu akae na mimi, na mlango alioufungua ulikuwa wa mama huyo. Hakuniuliza mimi kama unafaa, na sidhani alikuuliza wewe. Na kama ni ajabu kwako kwamba Bwana alimfundisha mtu wa Voi kudaka mpira katika mahindi ya Iowa ili aje adake chupa ya maziwa Handsworth, kwangu pia ni ajabu. Lakini sitaipunguza ili ienee mfukoni mwa mtu. Kidole hiki cha mwisho kilivunjika siku ile. Kina Jumanne yake.

Basi, ndugu zangu, namshukuru Mungu mbele yenu, nikiwa na akili timamu na vidole vilivyopinda. Namshukuru kwa mpira. Namshukuru kwa kocha pia, maana amri yake ilikuwa ya kweli hata kama Jumatatu yake ilikuwa mbaya. Dale nimemwandikia, na amenijibu. Na kama kuna mtu hapa leo anayesikia kitu nyuma yake, dada muuguzi anayeogopa zamu yake, kaka anayelala na mfuko umefungwa karibu na mlango, ninakwambia hivi: siwezi kukuahidi kwamba hapana mtu nyuma yako. Huenda yupo. Kwangu mimi alikuwepo, akanipiga. Lakini mwamini Bwana na utazame kile ulichopewa kutazama mpaka kiingie mikononi. Utaanguka labda. Hutapotea.

Jioni ile ya kwanza nilikuwa nimekaa jikoni kwa yule mama, mgongo wangu umeelekea mlango, nina chapati ya nne mkononi. Mlango wa mbele ukafunguliwa. Mwanawe Balbir, ambaye sikuwa nimemwona, alikuwa anarudi kutoka kiwanda cha chuma, na viatu vyake vya kazi vilikuwa vinakuja ukumbini kwenye mbao. Pa, pa, pa, pa. Vikaja mpaka nyuma ya kiti changu, vikasimama. Mama aliniangalia mimi, hakumwangalia yeye.

Nikachovya chapati kwenye chai, nikala.